Kalenda ya huduma inasema Januari, wenyeji wanasema baada ya mavuno. Tufuate ipi?

Mwana Nkuhungu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Bwana Yesu asifiwe kwa wanaoitikia.

Naleta jambo linalotusumbua kanisani kwetu hapa Dodoma mjini. Dhehebu sitaji, kijiji sitaji, maana wazee wetu nao siku hizi wana simu janja na wanaperuzi kuliko sisi.

Mimi ni katibu wa kamati ya uinjilisti. Kila mwaka ukielekea kuisha tunakaa kupanga kalenda ya mwaka unaofuata: semina ya ndoa, mikesha, wiki ya vijana, na mkutano mmoja wa injili nje ya mji. Safari hii tuliomba, tukafunga, tukakubaliana mkutano uwe katikati ya Januari, kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Kwa nini Januari? Kwa sababu kwaya zinakuwa zimetoka kwenye Krismasi zikiwa zimeiva, watu wana nguvu mpya ya mwaka, na kusema kweli, kwa sababu tumezoea Januari.

Ahadi zikakusanywa. Mwenye vyombo akapewa kianzio. Fuso ya kubeba jukwaa na jenereta ikawekewa oda, mhubiri mgeni akathibitisha, barua zikaenda polisi na kwa serikali ya kijiji.

Hivi majuzi katekista wa kule akaja mjini kwa shughuli zake, akapita kanisani. Hakuja kwa shari. Alikaa kwenye benchi la nje, kofia mapajani, akasubiri kikao chetu kiishe. Alipokaribishwa akasema, kwa upole kabisa: "Wachungaji, mkija tutawapokea. Ila mtawahubiria wazee wasioweza kushika jembe na wanaowalea vitukuu. Kama inawezekana, njooni tukishapura mtama." Akaaga, akawahi basi lake.

Tangu siku hiyo kamati imegawanyika. Upande mmoja wanasema tarehe tuliiombea, kuibadili ni kumkosea Mungu imani. Upande wa pili wanasema huyo katekista ndiye jibu la maombi yenyewe. Mchungaji kasema kila mtu alete hoja zake kikao kijacho.

Mimi niko upande wa kubadili. Lakini kuna kitu kinanibana. Kanisa letu lina historia ya kubadilisha. Kuna kiongozi mmoja aliwahi kusimama siku chache kabla ya semina ya vijana akasema "nimeonyeshwa tusifanye", ikafutwa, pesa ya ukumbi ikaenda na maji, na hadi leo hakuna anayejua kilichoonyeshwa. Kwa hiyo ukitamka "tubadili" watu wanakutazama jicho la pembeni. Swali langu kwenu: mtajuaje kwamba Mungu anawageuzia njia, na si nyinyi tu hamna uwezo wa kusimamia mlichopanga?

Uzi tayari, karibuni.

Chilonwa Damu

Mkuu, mimi ni mzaliwa wa hukohuko Chamwino. Katekista wenu kawaambia kwa adabu, mimi ngoja niseme bila adabu.

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua. Mwaka mzima tunapata milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Hakuna vuli ya kurekebisha makosa ya masika kama kwa wenzetu wa Kilimanjaro. Ukikosa palizi ya Januari, uwele na mtama vinamezwa na majani, na mwaka umeshaisha hapo. Watu wanatoka nyumbani alfajiri, mashamba mengine yako mbali mpaka familia zinahamia hukohuko kwenye vibanda.

Halafu Januari na Februari ndiyo miezi ya njaa. Ghala limebaki vumbi, mapya hayajaiva. Mtu analima kibarua kwa jirani asubuhi ili watoto wapate unga, jioni ndiyo anaingia kwake. Sasa wewe unakuja na kwaya mbili na Fuso, na kwa desturi ya Mgogo mgeni lazima ale. Mtapikiwa, tena mtapikiwa kuku. Hamtajua kuku huyo alikuwa wa kuuzwa kununulia nini.

Na msidhani ukingoja Aprili umepona. Aprili na Mei watu wanaamia ndege shambani, kwelea kwelea wakishuka hawaulizi dini. Njooni Julai.

Sauti ya Kuliako

Shalom. Naheshimu hoja ya kilimo ila tusigeuze huduma kuwa bwana shamba. Paulo alimwambia Timotheo alihubiri neno "wakati ukufaao, na wakati usiokufaa". Huo usiokufaa ndiyo Januari yenyewe. Mkishaanza kupima mvua, mwakani mtapima jua, mwaka keshokutwa mtapima uchaguzi. Shetani naye anajua kutumia katekista mpole. Tarehe imeombewa, imefungiwa, simameni. Mvua ikinyesha siku ya mkutano, ihesabiwe kuwa baraka.

Chilonwa Damu

Mtumishi, Timotheo ndiye aliyeambiwa awe tayari wakati wote. Mama wa Chilonwa hajaambiwa aache palizi. Aliyetakiwa kuvumilia usumbufu ni mhubiri, nyinyi mmempa msikilizaji.

Bahari ya Bara

Hapo kwenye Timotheo umemaliza mkuu. Nimekaa pale, nafuatilia.

Mtunza Hazina

Nimekuwa mhazini wa usharika kwa muda mrefu, niongee lugha ya daftari.

Mleta uzi, tatizo lenu halikuanza kwa katekista. Mlianza kulipa kabla ya kuuliza. Kikao chenu cha kupanga kalenda kilikuwa na watu wangapi kutoka kijijini? Naona hakuna hata mmoja. Mlipanga shughuli ya watu ambao hawakuwa mezani, kisha mkaifungia kwa kianzio. Pesa ikishatoka, hata malaika akija na ujumbe mtamwomba kwanza alete risiti.

Sisi tulibadilisha utaratibu. Kalenda ya mwaka inapitishwa na mwezi tu, tarehe haiwekwi. Tarehe inawekwa baada ya wajumbe kufika eneo husika, kukaa na wenyeji, na kurudi na barua ya mtaa, yaani kanisa dogo la hukohuko. Kianzio hakitoki kabla ya barua hiyo. Na mkataba wa vyombo tunaandika kabisa kwamba tarehe inaweza kusogezwa mara moja bila faini, mradi taarifa itolewe mapema. Wenye vyombo wengi wanakubali ukiwaambia mwanzoni. Ukiwaambia mwishoni ndiyo mnapelekana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Tena fungu la dharura liwepo. Wapo wanaosema kuweka fungu la dharura ni kumtilia Mungu shaka. Mimi naona kinyume: bajeti iliyojaa hadi senti ya mwisho ndiyo inayomwambia Mungu hakuna nafasi. Na Yesu mwenyewe katoa mfano wa mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, hakumcheka kwa kuhesabu. Alichekwa yule aliyeshindwa kumaliza.

Mwana Nkuhungu (mleta uzi)

Mtunza Hazina umenigusa penyewe. Ni kweli, kijiji hakikuwa na mtu kikaoni. Tulimpigia katekista simu kumjulisha tarehe, akasema "sawa mtumishi". Sisi tukaandika kwenye kumbukumbu kwamba wenyeji wameridhia.

Kasisi Mstaafu

Wanangu, amani ya Bwana iwe nanyi. Mjukuu wangu ndiye anayenionyesha uzi huu, nami nimemwomba aniandikie.

Swali la mwenye uzi ni la zamani sana. Paulo mwenyewe lilimpata. Someni Wakorintho wa Pili sura ya kwanza. Alikuwa amewaahidi Wakorintho kwamba atapita kwao akienda Makedonia na kupita tena akirudi. Hakufanya hivyo. Maneno yakaanza kule Korintho: huyu ni kigeugeu, ndiyo yake ni siyo. Angalieni alivyojitetea. Hakusema "nimeonyeshwa" na kunyamaza. Aliwapa sababu inayowahusu wao: sikuja kwa sababu nilitaka kuwahurumia. Mabadiliko yake yaliwapunguzia wao mzigo.

Basi hicho ndicho kipimo ambacho mimi nimekitumia miaka mingi kwenye huduma. Kiongozi akija na badiliko, namuuliza: linampunguzia nani mzigo? Likimpunguzia yeye tu, tuombe tena.

Kipimo cha pili kiko Matendo 16. Paulo na wenzake walizuiwa kuhubiri Asia, wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa tena. Watu husoma haraka mpaka kwenye maono ya mtu wa Makedonia. Mimi huwaambia makatekista wangu wasimame hapo kwanza. Walipozuiwa hawakurudi Antiokia kukaa. Waliendelea kutembea mpaka Troa, pwani. Na maono yalipokuja usiku, aliyeona ni mmoja, lakini waliopima na kuona hakika kwamba Mungu amewaita walikuwa kundi zima. Hakuna mahali Paulo alipowaambia wenzake fungeni mizigo, mtanielewa mbele ya safari. Na ile Asia iliyofungwa ilikuja kufunguliwa. Alikaa Efeso akifundisha kwa miaka miwili na zaidi.

Niongeze habari ya hapa kwetu, maana vijana mnapita Mpwapwa mkiwahi mnada tu. Mwaka 1876 shirika la wamisionari la CMS la Uingereza lilituma watu kwenda Buganda kwa mfalme wa kule, Kabaka Mutesa. Lengo lilikuwa Ziwa Victoria, si Ugogo. Walijaribu kwanza kupanda mto Wami kwa boti yao. Mto ukawashinda. Wakashika njia ya misafara kwa miguu, wakaacha kituo Mpwapwa, pa kupumzikia tu. Alexander Mackay, fundi wao, akaugua vibaya, akarudishwa pwani. Angeweza kupanda meli akaenda kwao Uskoti. Badala yake mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230 hivi. Buganda alifika Novemba 1878.

Kituo kile cha kupumzikia ndicho kilichokuwa chimbuko la kanisa letu la Anglikana huku katikati ya nchi. Dayosisi ya Central Tanganyika ilikuja kuanzishwa mwaka 1927, na leo Mpwapwa ina dayosisi yake. Sisemi kila mpango ukiharibika ujue Mungu yumo. Wapo waliokufa njia ile na hatuwezi kupaka rangi msiba wao. Nasema tu kwamba walikuwa na mpango, na mpango ulipokataa walibaki kazini wakafanya kilichokuwa mbele yao.

Kijana wa Kongwa

Shikamoo mzee. Mimi nitaje jirani ya Mpwapwa. Hapa Kongwa mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Ulikuwa mpango wenye kila kitu: ramani, matrekta, vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, bajeti ya mamilioni ya pauni. Wataalamu walizunguka wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika ripoti. Udongo wa hapa kiangazi unakauka kuwa kama saruji, karanga hazing'oki. Mvua haina ratiba. Bibi yeyote wa Kongwa angewaambia hayo. Mwaka 1951 wakafunga virago.

Mleta uzi, mnapokwenda vijijini na kalenda ya mjini, huwa nawaona mmekaa kwenye ile ndege.

Sauti ya Kuliako

Karanga za wakoloni na mkutano wa injili vinaingilianaje jamani? Wale walitafuta mafuta ya kula, hawa wanatafuta roho.

Kijana wa Kongwa

Vinaingiliana kwenye kutouliza, mtumishi.

Mama Kikuyu

Habari za jioni. Naona wanaume mnajadili Paulo na Mackay, mimi niko idara ya chakula.

Hamjui Januari inavyokuwa upande wetu. Mwaka mmoja tulikwenda mkutano wa aina hiyo, wilaya siitaji. Tuliwakuta kina mama wa kule wametoka shambani na matope hadi magotini, wameacha palizi saa nne asubuhi ili waje kutusaidia kuosha vyombo. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na jembe bado mkononi, kaliegemeza kwenye mti wa mkutano. Kila wingu likipita anatazama juu. Alikuwepo kwa mwili tu. Mhubiri jukwaani anasema "mkono juu anayetaka kuokoka leo", yule mama kanyoosha mkono, kisha kaniuliza kwa sauti ya chini kama tunamaliza saa ngapi.

Kasisi kauliza badiliko linampunguzia nani mzigo. Tuulize pia mpango wenyewe ulimbebesha nani tangu mwanzo.

Mpita Njia Nala

Ngoja niharibu sherehe. Mnasema Julai ni kwa faida ya wenyeji. Julai ndiyo mtu ameuza alizeti, ana mbuzi wa kutoa na pesa mfukoni. Mkienda Januari mnaondoka na baraka, mkienda Julai mnaondoka na sadaka na magunia. Kwa kipimo cha Kasisi, badiliko hili linampunguzia nani mzigo? Mimi naona bajeti ya mjini inanenepa.

Mwana Nkuhungu (mleta uzi)

Mpita Njia, hilo limeniuma na nalichukua. Ibada ya mavuno ya kule nimeshaihudhuria, na mnada baada ya ibada unajulikana: gunia la mtama linauzwa, anayelinunua analirudisha liuzwe tena, kuku mmoja anapanda bei mpaka anafikia bei ya mbuzi. Ni furaha, lakini ni mali ya mtaa wao. Ina paa la kuezeka na katekista wa kulisha. Tukienda na mkutano wetu msimu huohuo na ndoo za sadaka, tutakuwa tumekula kwenye sahani yao.

Nitapendekeza kwamba Julai tusichukue sadaka kabisa, na chakula tujibebee. Nikikataliwa hilo, hoja yangu ya kubadili tarehe nitaiondoa.

Abuu Kondoa

Assalaam aleykum ndugu zetu. Napita tu, mimi si wa dini yenu. Ila kwa nini mnahangaika hivyo? Sisi tukipanga lolote tunasema inshallah tangu mwanzo, ikisogea hakuna anayemlaumu mwenzie.

Mtunza Hazina

Waaleykum salaam Abuu. Hata sisi tumeandikiwa, Yakobo sura ya nne: "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Shida yetu tunayasema hayo kwenye maombi ya kufungua kikao, halafu hayaingii kwenye mkataba wa jenereta. Ingawa na wewe ukweli usemwe, wapo mafundi wangu wa Kondoa ambao inshallah yao maana yake hawaji 😂

Abuu Kondoa

Hao nawajua, hata mimi nawadai mlango 😂

Sauti ya Kuliako

Nirudi kwa utulivu. Hoja ya Mama Kikuyu imenifikirisha. Lakini bado nasisitiza kitu kimoja na naomba msikipuuze. Kuna ahadi imetolewa. Kuna wajane mjini wametoa shilingi zao kwa ajili ya Januari. Nabii Nathani alimwambia Daudi afanye yote yaliyo moyoni mwake, ajenge nyumba ya Bwana. Usiku uleule Mungu akamwambia sivyo. Nathani hakutuma mtu, na hakunyamaza mradi mambo yajipoteze yenyewe. Alirudi mwenyewe kwa mfalme kumwambia. Kamati yenu ikibadili, isimame madhabahuni Jumapili iwaambie waliotoa, wazi, na anayetaka mchango wake arudishiwe.

Kasisi Mstaafu

Hapo mwanangu Sauti umesema neno zito, nami nakuunga mkono.

Mwana Nkuhungu (mleta uzi)

MREJESHO

Wakuu, kikao kimefanyika. Kilikuwa kirefu na chai ilipoa.

Mkutano wa hadhara umesogezwa hadi baada ya mavuno. Tarehe haijawekwa. Katekista na wazee wawili wa kule wataalikwa mjini kwa nauli yetu, wao ndio wataileta. Suala la kutochukua sadaka limepita kwa tabu. Mzee mmoja alisema tunawanyima watu wa kijijini baraka ya kutoa. Tumekubaliana sadaka ya siku zote za mkutano ibaki kwenye mtaa wao na ihesabiwe na wao. Si nilivyotaka hasa, lakini hoja yangu sikuiondoa.

Mwenye vyombo amegoma kurudisha kianzio, ila amekubali kukihamishia Julai. Mtunza Hazina, kifungu chako cha kusogeza tarehe nimekiandika kwenye mkataba mpya.

Jumapili mwenyekiti wa kamati alisimama mbele akaeleza, na mama mmoja tu ndiye aliyeomba mchango wake. Alirudishiwa palepale, akapigiwa makofi, ambayo nadhani hayakumfurahisha.

Kitu ambacho hatukukitarajia: tulipompigia katekista kumweleza, tulimuuliza kama kuna lolote wangependa Januari. Akafikiri, akasema walimu wao wa shule ya Jumapili hawajawahi kupata semina hata moja, na jioni baada ya shamba huwa wanakaa. Na kwamba mjane mmoja wa mtaa anaumwa, shamba lake limeingiliwa na majani. Kwa hiyo tunakwenda wachache, bila spika. Asubuhi tunapalilia kwa yule mama, jioni walimu. Mhubiri mgeni tulipomwambia hakuna jukwaa, kauliza tu kama atapewa jembe au abebe lake.

Wawili kwenye kamati bado wanaamini tumemkimbia Bwana. Wamesema wataomba, na watakuja kupalilia.

Sasa naomba msaada wa wenyeji. Tunapanga kwenda na Noah mbili. Njia ya kule Januari inapitika?

Chilonwa Damu

Noah sahau. Kuna korongo kabla ya kufika, huku chini halijanyesha tone lakini milimani ikinyesha linajaa ghafla, mnakaa ng'ambo mkilitazama hadi jioni. Acheni magari kijiji cha kabla, mmalizie kwa bodaboda. Nicheki inbox nikupe namba ya kijana anayelijua. Na majembe msibebe ya dukani yale mapya mpini mrefu, mtatuchekesha. Nitawaazimia.

Mama Kikuyu

Unga na mafuta nabeba mimi. Chilonwa, kuni kule zipo au nije na mkaa?

Chilonwa Damu

Njoo na mkaa mama. Kuni Januari zimelowa.